Kucheka na Mtu na Kumcheka Mtu

Mtu asiye seremala akitazama sanduku la vyombo vya fundi huona patasi, juba na tindo kuwa kitu kimoja. Vyote ni vyuma, vyote vina makali, na vyote hukata. Fundi mwenyewe hawezi kuvichanganya, kwa kuwa anajua alama inayoachwa na kila kimoja. Ndivyo yalivyo maneno. Mwanafunzi akikuta katika kitabu cha Kiingereza maneno "joke", "jest", "banter", "tease", "mock", "ridicule", "jeer" na "taunt", hupekua kamusi, akaona mzaha, utani na dhihaka zimetajwa mara hapa mara pale, kisha hujichukulia lile lililo karibu. Sentensi yake hupita bila ya kosa la sarufi. Lakini maana iliyomo si ile aliyoikusudia mwandishi, na pengine mtu aliyejeruhiwa katika hadithi ameelezwa kama mtu aliyeburudishwa.

Wengi hudhani kwamba tofauti ya maneno haya ni ya kiasi tu: kwamba "joke" ni kicheko kidogo, "mock" ni kikubwa zaidi, na "ridicule" ni kikubwa kupita vyote. Dhana hiyo haifai. Kicheko kikubwa chaweza kuwa cha heri, na tabasamu ndogo yaweza kuvunja moyo wa mtu kwa mwaka mzima. Kipimo kilicho bora ni hali ya yule anayechekwa. Mbele ya kila neno la jamii hii tuulize maswali mawili. Je, mtu huyu yumo mchezoni kwa hiari yake? Je, anao uwezo wa kujibu? Ukiyashika maswali hayo, msomaji, utaona maneno yaliyokuwa yamelundikana yakijipanga yenyewe.

Kiswahili chetu kimekwisha kutuandalia njia. Tazama kitenzi cheza. Watoto wakicheza pamoja, hakuna aliye juu wala aliye chini. Ukisema wanachezeana, bado mambo ni sawasawa, kwa maana kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea. Lakini ukisema Juma anamchezea Ali, mara moja Ali ametoka katika safu ya wachezaji akawa kitu cha kuchezewa. Silabi moja imeondoa usawa. Kadhalika kitenzi cheka: kucheka na mtu ni urafiki, kumchekea ni ukarimu wa uso, kumcheka ni jambo jingine kabisa, na kuchekelea ni kufurahia msiba wa mwingine. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo. Hutumia vijineno vidogo baada ya kitenzi. Kwa Mwingereza "laugh with" ni kicheko cha ushirika na "laugh at" ni kicheko cha shabaha. Mwanafunzi anayeruka vijineno hivyo kwa haraka ya kumaliza ukurasa ameruka jambo lenyewe.

Sasa tuyapime maneno, tukianza na yale mepesi. "Joke" ni neno lililotokana na Kilatini, nalo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17. Hutaja hasa kitu kinachosemwa au kutendwa ili watu wacheke. Si lazima awepo mtu wa kuchekwa. Hadithi ya sungura aliyemdanganya fisi ni "joke", na fisi hayupo mbele yetu hata aone haya. "Jest" ni la zamani zaidi. Asili yake ni neno la Kifaransa lililokuwa na maana ya tendo la kishujaa, kisha likawa hadithi ya matendo hayo, kisha hadithi ya kuchekesha, mwisho likawa mzaha wenyewe. Siku hizi lina harufu ya vitabu vya kale, na mwanafunzi akilitumia katika mazungumzo ya kawaida huonekana kama mtu aliyevaa joho sokoni.

"Banter" ni tofauti na hayo mawili, kwa kuwa haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Lataka wawili, na lataka kila mmoja ajibu. Neno la Kiswahili lililo karibu nalo ni utani, hasa ule utani wetu wa kimila. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Mgeni asiyejua desturi angedhani mzee ametukanwa. Lakini mzee ndiye aliyefungua mlango, na akinyimwa jibu kali ndipo atakaposikitika. Katika makabila mengi ya Tanzania watani hufika hata matangani, wakafanya mzaha mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika, maana haki hiyo ni ya pande mbili: leo kwangu, kesho kwako. Utani una sheria kuliko wengi wanavyodhani. Pasipo haki ya kujibu hakuna utani.

Hata hivyo si kila mtu aliyelipenda neno "banter" lilipokuwa jipya. Katika mwaka wa 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika katika gazeti la The Tatler kwamba neno hilo na mengine ya aina yake yalikuwa yakiichafua lugha ya Kiingereza. Na Samuel Johnson, katika kamusi yake mashuhuri ya mwaka wa 1755, alilihukumu neno "fun" kuwa neno la chini, la watu wa mitaani. Hukumu zao hazikudumu, maana maneno yote mawili leo yamekubalika. Lakini hofu yao haikuwa ya bure. Neno "fun" lilipoanza kusikika katika karne ya 17 lilikuwa na maana ya kumhadaa mtu. Yaani furaha na hadaa zilikuwa chumba kimoja. Na hata leo, Mwingereza akitaka kusema kwamba mtu amefanyiwa dhihaka, husema "make fun of".

Jambo hili halikupatikana katika neno moja tu. Katika Kilatini kitenzi cha kucheza ni "ludere", na kutokana nacho Kiingereza kimepata "delude", maana yake kumdanganya mtu, na "ludicrous", yaani jambo la kuchekesha kwa upuuzi wake. Neno "game" nalo lastahili kutazamwa na kila kijana wa Kenya, kwa kuwa analiona katika mabango ya njiani. Maana yake ya kwanza ni mchezo na furaha. Maana yake ya pili ni mnyama anayewindwa, na ndiyo sababu hifadhi zetu za wanyama ziliitwa "game reserve". Kwa nini mnyama akaitwa mchezo? Kwa sababu kwa mwindaji uwindaji ulikuwa burudani. Mnyama hakuulizwa. Basi Mwingereza anaposema "make game of" mtu, anasema, ajue au asijue, kwamba mtu huyo amefanywa windo. Wahenga wetu waliliona hilo waliposema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu.

Katikati ya maneno mepesi na mazito limesimama neno lenye nyuso mbili, nalo ni "tease". Asili yake ni kazi ya mikono. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuchambua sufu, kuivuta nyuzi kwa nyuzi mpaka ilegee, tayari kusokotwa. Tafakari picha hiyo. Anayechambua sufu haikati wala haichomi; huivuta kidogo hapa na kidogo pale. Akivuta kwa kiasi, sufu inakuwa laini. Akivuta kupita kiasi, inakatika. Dada anayemkumbusha mdogo wake siku aliyovaa viatu kinyume anamvuta kwa kiasi, na pengine anamwonyesha mapenzi. Lakini wavulana 5 wanaovuta uzi uo huo kila siku, asubuhi na jioni, hawachambui tena. Kwa Kiswahili tutasema kutania pale penye mapenzi, na kuchokoza au kuchagiza pale palipokosa mapenzi. Neno la Kiingereza ni moja. Mfasiri hana budi kutazama sufu kabla ya kuchagua.

Tukipita hapo tunaingia katika maneno yasiyokuwa na shaka. "Mock" ni kudhihaki, lakini si dhihaka ya kila namna. Ndani yake mna wazo la kuiga. Mwanafunzi wa Kenya analijua neno hili kutokana na mtihani wa majaribio unaotangulia mtihani wa taifa. Mtihani ule huitwa "mock" kwa kuwa unaiga ule wa kweli: una sura yake, lakini si wenyewe. Vivyo hivyo, anayefanya "mock" kwa mtu huiga sauti yake, mwendo wake, au namna anavyoshika kalamu, akatengeneza mfano wa mtu yule ulio duni kuliko mwenyewe, kisha akawaonyesha watazamaji. Ubaya wake uko hapo. Mtu anajiona akitembea mbele ya macho yake katika umbo asilolitaka, wala hawezi kukanusha, kwa maana kila kitu kilichoigwa ni chake kweli.

"Ridicule" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kucheka, nalo ni kumfanya mtu au wazo lake lionekane halistahili kusikilizwa. "Jeer" ni sauti ya wengi, nasi tunalo neno zuri la kuzomea. "Sneer" halihitaji sauti. Ni kazi ya mdomo na pua, kama mtu anapobetua midomo kwa dharau. "Taunt" ni kumchoma mtu kwa kasoro yake au kwa kushindwa kwake ili apandwe na hasira. Hapa neno letu la kusimanga liko karibu, lakini si lile lile, kwa kuwa masimango hasa ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili aone uchungu. Sijui neno moja la Kiingereza linalolitaja tendo hilo barabara, na huu ni ushahidi kwamba kila lugha imechunguza majeraha yake.

Na "sarcasm" je? Asili yake ni Kigiriki, na maana ya kitenzi kilichoizaa ni kurarua nyama. Wagiriki waliona kwamba maneno ya kejeli hung'ata kama meno ya mbwa. Waswahili waliona jambo lilo hilo wakachagua chombo kingine. Tunasema kumpiga mtu kijembe, na kijembe ni kisu kidogo chenye makali, ambacho mkato wake huweza usisikike mpaka damu itoke. Mataifa mawili yaliyo mbali, yasiyoulizana, yamekubaliana kwamba neno la kejeli hufika kwenye mwili.

Maana za kamusi hazitoshi. Neno huonyesha nguvu zake katika kisa. Chukua riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, iliyotolewa mwezi wa Desemba mwaka wa 1815. Emma ni msichana mzuri, tajiri, mwenye akili na mwenye ulimi mwepesi. Katika mji wake yupo Bibi Bates, mwanamke wa makamo asiyeolewa, binti wa kasisi aliyekwisha kufa. Zamani alikuwa na hali njema. Sasa anaishi na mama yake mzee katika vyumba vichache, kwa fedha kidogo na kwa hisani ya majirani. Ana moyo mwema sana na maneno mengi sana. Akianza kusimulia hamalizi, na kila msomaji wa kitabu hicho huchoka naye kama wanavyochoka jirani zake.

Siku moja kundi la marafiki linakwenda kutembea Box Hill, kilima kilicho katika jimbo la Surrey, kusini ya London. Watu wamekosa raha, na kijana mmoja anatangaza mchezo: kila aliyepo aseme jambo moja la werevu mwingi, au mawili ya werevu wa kadiri, au matatu ya upumbavu mtupu. Bibi Bates, kwa unyenyekevu wake, anafurahi na kusema kwamba yeye atashika hayo matatu ya upumbavu, maana hufungua tu mdomo yakatoka. Tazama, msomaji: amejifanyia mzaha mwenyewe. Ameingia mchezoni kwa hiari. Ndipo Emma anapojibu kwamba hapo pana taabu, kwa sababu safari hii atawekewa kikomo, yasizidi matatu kwa mara moja.

Neno hilo ni la werevu. Msomaji hucheka, na Austen alikusudia acheke. Hakuna tusi ndani yake, na Emma hakupaza sauti. Ukilipima kwa ukubwa utaliita "joke" ukaendelea mbele. Lakini Bibi Bates, ambaye kwanza hakuelewa, anaelewa kidogo kidogo, na uso wake unabadilika. Wala hamkasirikii Emma. Anajilaumu mwenyewe: yaelekea amekuwa mtu wa kuchosha sana, ama rafiki wa zamani asingemwambia neno kama lile, basi atajaribu kuuzuia ulimi wake. Hapo ndipo kicheko cha msomaji kinapomkwama kooni.

Baadaye Bwana Knightley, rafiki wa Emma aliyemzidi umri, anamkemea. Emma anajitetea kwa hoja mbili, nazo ni hoja ambazo umezisikia mara nyingi: kwamba halikuwa jambo baya sana, na kwamba pengine yule mama hakuelewa. Knightley hakubali hata moja. Anamwambia kwamba Bibi Bates alielewa vema. Kisha anamweleza kiini cha kosa. Kama mama yule angekuwa tajiri na sawa naye kwa cheo, neno lile lingeweza kupita. Lakini ni maskini, ameshuka kutoka katika raha aliyozaliwa nayo, huenda atashuka zaidi, na waliokuwapo watamtendea kwa kufuata mfano wa Emma. Basi Emma anarudi nyumbani akitokwa na machozi, na asubuhi ya pili anakwenda kumwona mama yule.

Hukumu ya Knightley ndiyo kanuni tunayoitafuta. Hakusema kwamba kucheka ni dhambi, wala hakusema kwamba Bibi Bates hachekeshi. Mwenyewe anakiri kwamba wema na upuuzi vimechanganyika ndani yake. Alichosema ni kwamba maneno yale yale, kwa sauti ile ile, ni kitu kimoja yakisemwa kwa aliye sawa nawe, na ni kitu kingine yakisemwa kwa asiyeweza kurudisha. Emma alidhani anafanya "banter". Kwa kuwa hapakuwa na jibu la kutoka upande wa pili, lilikuwa "ridicule".

Kisa cha pili ni kigumu zaidi, nacho kimo katika mchezo wa Shakespeare uitwao Twelfth Night, ambao ulionyeshwa mbele ya wanasheria wa London tarehe 2 Februari 1602. Malvolio ni msimamizi wa nyumba ya bibi tajiri, Olivia. Ni mtu wa majivuno, mwenye kuchukia furaha za wengine. Ndugu wa Olivia, Sir Toby, pamoja na wenzake, wanaamua kumkomoa. Maria, mtumishi wa Olivia, anaandika barua kwa hati inayofanana na ya bibi yake, ili Malvolio adhani anapendwa. Barua inamwagiza avae soksi ndefu za manjano zilizofungwa kamba kwa kupishanisha, na acheke daima. Malvolio anaiokota na kuisoma huku wenzake wamejificha kichakani wakimtazama. Anatii kila agizo. Kumbe Olivia anaichukia rangi ile na mtindo ule, na yumo katika maombolezo.

Mpaka hapo ukumbi mzima hucheka. Na Malvolio si mtu wa kuhurumiwa upesi. Mwanzoni mwa mchezo alimdharau Feste, mchekeshaji wa nyumba, mbele ya bibi yao; yaani yeye mwenyewe alianza kwa "sneer". Mtu aweza kusema kwamba amelipwa kwa kipimo alichopimia wenzake. Lakini mambo hayakomei hapo. Malvolio anahesabiwa mwendawazimu, anafungiwa katika chumba cha giza, na Feste anajigeuza kasisi na kumwambia kwamba chumba hakina giza lolote. Malvolio anaomba taa, kalamu, wino na karatasi. Sasa hata Sir Toby anatamani mambo yaishe, ingawa si kwa huruma. Anachelea hasira ya Olivia.

Waingereza huuita mchezo wa jukwaani "play", nasi twauita mchezo wa kuigiza. Lugha zote mbili zimeona kwamba kuigiza na kucheza ni ndugu. Lakini mwigizaji anajua kwamba yumo jukwaani, na pazia likishushwa huvua mavazi yake akaenda nyumbani. Malvolio amewekwa jukwaani bila ya kuambiwa. Watazamaji wanajua, wenzake wanajua, yeye peke yake hajui. Mchezaji asiyejua kwamba yumo mchezoni hawezi kuitwa mchezaji, ni mwanasesere. Na pale anapojua, mlango umekwisha kufungwa. Mwisho anaondoka akiapa kulipiza kisasi juu ya kundi lote, wakati wengine wanasherehekea ndoa zao.

Wapo wasemao kwamba Shakespeare aliharibu mchezo wake kwa mwisho huo mchungu. Naona kinyume. Alituchukua hatua kwa hatua kutoka "jest" hadi "mock", na kutoka "mock" hadi mateso, bila ya kuweka mpaka wenye bango, ili kila mtazamaji ajiulize alikuwa wapi alipoacha kucheka. Wahenga wetu walisema kwa maneno machache zaidi: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kumcheka mtu ni kubaya, mbona waandishi wakubwa wameandika tashtiti? Swali hilo ni la haki, na kipimo chetu kinalijibu. Katika mwaka wa 1729, Swift yule yule aliyechukia neno "banter" alitoa kijitabu kiitwacho A Modest Proposal. Humo alijifanya mtu mwenye hesabu na busara, akashauri kwamba maskini wa Ireland wauze watoto wao wa umri wa mwaka mmoja wawe chakula cha matajiri. Asiyejua kinaya angedhani kwamba Swift anawacheka maskini. La, hasha. Shabaha yake ni wenye mali na wenye amri waliowanyonya maskini kwa lugha tamu ya hesabu. Hao walikuwa na vyeo, mahakama na mashamba. Uwezo wa kujibu walikuwa nao tele. Vivyo hivyo Shaaban Robert alipotoa Kusadikika katika mwaka wa 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, alibuni nchi iliyo angani ambayo wakubwa wake humshtaki Karama kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Kicheko kinachopanda juu na kicheko kinachoshuka chini havina uzito mmoja. Jiwe lililotupwa juu lahitaji nguvu za mtupaji. Lililoangushwa chini hujiongezea nguvu lenyewe.

Nakubali kwamba maneno haya hayana kuta za mawe kati yao. Mwandishi mmoja hutumia "tease" pale mwingine angetumia "mock", na rafiki wawili huweza kuitana majina ambayo kwa wageni yangekuwa vita. Lakini hiyo ni sababu ya kutazama kwa makini zaidi, si ruhusa ya kuchagua ovyo. Unapofasiri au unapojibu swali la fasihi, usianze na kamusi. Anza na yule mtu anayechekwa. Tazama kama anacheka pia, tazama kama anajibu, tazama ni nani waliosimama kando, na tazama kama mchezo ukisha anarudi mahali pake pa zamani. Ukisha kumwona huyo, ndipo ufungue kamusi, nayo itakuwa mtumishi mwema.

Jambo hili si la darasani tu. Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza anafika shuleni kutoka kijiji cha mbali. Anasema Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Usiku bwenini wenzake wanaiga matamshi yake, neno kwa neno, na bweni zima linaangua kicheko. Naye anatabasamu, kwa kuwa hana jambo jingine la kufanya. Baada ya wiki mbili haulizi tena swali darasani. Mwalimu akichunguza, wenzake humwambia kwamba walikuwa wanamtania tu. Sasa unajua kwamba wamechagua neno lisilo lao. Utani una watani wawili, na hapa alikuwa mmoja peke yake mbele ya bweni zima. Walichokifanya Mwingereza anakiita "mock", sisi twakiita dhihaka, na tabasamu ya mgeni yule haikibadili jina, kama unyenyekevu wa Bibi Bates ulivyoshindwa kuligeuza neno la Emma kuwa mzaha.

Anayetaja tendo kwa neno lisilo lake ametoa ushahidi wa uongo, hata kama sarufi yake ni safi. Aliyedhihaki husema ametania, aliyezomea husema ameshangilia, na aliyerarua nyama husema amefanya mzaha. Lugha zote mbili zimekupa maneno ya kutosha kuwakatalia. Jifunze kuyatofautisha, msomaji, ili siku utakapoitwa kueleza kilichotokea, katika karatasi ya mtihani au mbele ya watu, ukitaje kwa jina lake.